Mkataba na Mti: Benki za Kiislamu na Uchumi wa Kijani katika Historia

0. Utangulizi

Katika miaka ya karibuni wachumi wamekuwa wakitumia istilahi mpya: sukuki ya kijani. Kwa maneno machache, hii ni hati ya uwekezaji inayotolewa kwa kufuata sheria ya Kiislamu, na ambayo fedha yake imeahidiwa kutumiwa kwa kazi zenye manufaa kwa mazingira: umeme wa jua, reli, usafishaji wa taka, ulinzi wa watu dhidi ya mafuriko. Wanaoitetea husema kwamba mambo haya mawili yalikuwa yakingojeana. Uislamu unakataza riba na unataka fedha ifungamane na kitu halisi; uchumi wa kijani nao unataka fedha ihukumiwe kwa kile inachokitenda juu ya ardhi, maji na hewa.

Katika makala haya tutajaribu kuipima hoja hiyo kwa mizani ya historia. Tutaonyesha kwamba kanuni yenyewe ni ya kweli na ina nguvu, lakini kwamba umbo la mkataba linaweza kuihifadhi kanuni kwenye karatasi huku maana yake ikipotea shambani. Jambo hilo lilikwisha tokea katika ulimwengu wa Waswahili wenyewe, katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, kabla benki ya kwanza ya Kiislamu haijafunguliwa.

Msomaji atauliza: jarida la masomo ya Kiswahili lina kazi gani na mabenki? Tunajibu kwamba maneno ya jambo hili yamo ndani ya lugha yetu tangu zamani, na kwamba mikopo iliyoandikwa Unguja ilifika hadi Maniema. Zaidi ya hayo, nchi yetu ina misitu ambayo watu wa mbali wanaitazama leo kama mali ya kuwekezwa. Si vibaya basi kujifunza jinsi mti unavyoweza kuingia katika mkataba, na jinsi unavyoweza kusahauliwa humo.

1. Maneno na kanuni

Tuanze na maneno. Riba ni neno la Kiarabu lenye maana ya ziada au ongezeko. Kurani, katika sura ya pili, inaitenga riba na biashara: ya pili ni halali, ya kwanza ni haramu. Wanazuoni waliofuata walieleza sababu kwa njia nyingi, lakini kiini ni kimoja. Mfanyabiashara anashika bidhaa. Inaweza kuoza, kuibwa, kushuka bei. Faida yake ni malipo ya hatari hiyo. Mla riba hashiki bidhaa yoyote. Fedha yake inazaa kwa kupita kwa siku tu, mvua inyeshe isinyeshe, mdaiwa apate asipate.

Kutokana na katazo hilo ilijengwa mikataba ya aina mbalimbali, na majina yake mengi yana ndugu katika Kiswahili. Musharaka, yaani ubia, ina shina moja na neno letu shirika. Ijara, yaani ukodishaji, ni ndugu wa ujira. Katika mudaraba mmoja anatoa mtaji na mwingine anatoa kazi. Faida inagawanywa kwa kiwango walichopatana, na hasara ya mtaji inamwangukia mwenye mtaji. Katika murabaha benki inanunua kitu na kumwuzia mteja kwa bei ya juu inayojulikana, ambayo hulipwa baadaye. Katika wakala mtu anafanya kazi kwa niaba ya mwingine. Kuna pia wakfu, mali inayozuiwa isiuzwe wala isirithiwe ili mazao yake yasaidie msikiti, shule, kisima au maskini. Katika makanisa ya Kongo twasema padri amewekwa wakfu, au kanisa limewekwa wakfu; maana ya kutengwa na soko imebaki, ingawa dini imebadilika.

Sheria hiyo hiyo ilikuwa na kanuni juu ya ardhi. Hima ilikuwa eneo la malisho lililolindwa kwa faida ya umma. Mtume Muhammad alitenga hima karibu na Madina kwa ajili ya farasi, na khalifa Umar aliongeza nyingine. Neno hilo halina uhusiano na hima yetu yenye maana ya haraka, lakini lina shina moja na himaya, yaani ulinzi. Harimu ilikuwa ukanda wa kukingwa kandokando ya kisima au mto. Tena, mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa, kwa kuilima au kuipatia maji, alikuwa na haki ya kuimiliki.

Kwa hiyo hazina ya kale ilikuwa na sehemu zote mbili: kanuni ya fedha na kanuni ya ardhi. Lakini zilikaa katika milango tofauti ya vitabu vya fikihi. Hakukuwa na mkataba mmoja uliomlazimisha mwenye fedha kuujali mti. Upungufu huo ulionekana waziwazi Unguja.

2. Bei ya khiyari Unguja na Pemba

Mikarafuu ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa. Chini ya Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja, mashamba yalienea upesi, yakifanyiwa kazi na watumwa walioletwa kutoka bara. Mwenye shamba alihitaji fedha kabla ya mavuno: kununua watu, kulisha nyumba, baadaye kuwalipa wachumaji. Fedha hiyo ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, hasa wa asili ya Kihindi, Waislamu na Wabaniani.

Riba ilikuwa haramu mbele ya kadhi. Mdai na mdaiwa walitumia basi mkataba uliojulikana pia Omani: bei ya khiyari, yaani mauzo yenye hiari ya kurudisha. Tuueleze kwa mfano. Tuseme mwenye shamba anahitaji rupia 1,000. Anamwuzia mfanyabiashara shamba lake kwa rupia 1,000, kwa sharti kwamba akirudisha rupia hizo katika muda fulani, shamba litarudi kwake. Wakati huo haondoki shambani. Anabaki humo kama mpangaji, na kila mwaka anamlipa mnunuzi kodi, labda frasila kadhaa za karafuu. Kwenye karatasi hakuna mkopo wala riba: kuna mauzo, kuna upangaji, na kuna haki ya kununua tena. Katika maisha ya watu wawili hao, rupia 1,000 ni mkopo, kodi ni riba, na shamba ni rehani.

Wanazuoni wa Kiibadhi walibishana juu ya mkataba huo. Wengine waliukubali kwa kuwa sehemu zake zote, zikitazamwa moja moja, ni halali. Wengine waliukataa kwa kuwa nia ya wahusika haikuwa kununua shamba. Mwanahistoria Fahad Ahmad Bishara, katika kitabu chake A Sea of Debt cha mwaka 2017, ameonyesha jinsi karatasi za namna hiyo zilivyounganisha Omani, Bara Hindi na pwani ya Afrika katika mtandao mmoja wa madeni.

Mtandao huo ulitufikia sisi pia. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kama Tippu Tip, aliondoka pwani akiwa na bidhaa alizopewa kwa mkopo na matajiri wa Unguja, akiwemo Taria Topan. Yeye mwenyewe anataja jambo hilo katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili. Deni la Unguja lililipwa kwa pembe za ndovu wa Maniema na kwa jasho na damu ya watu waliozibeba. Kasongo na Nyangwe zilikuwa miji ya biashara hiyo, na lugha tunayoiandika hapa ilipitia njia hiyo hiyo. Ndovu hakuwa na mlango katika mkataba. Alipopungua mahali pamoja, msafara ulisogea mbele.

Turudi visiwani. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, huku ya Pemba ikisalimika zaidi. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba na Uingereza, na mwaka 1897, chini ya ulinzi wa Kiingereza, hali ya utumwa iliacha kutambuliwa na sheria. Kazi ya shamba ikawa ya kulipiwa, na madeni yakaongezeka. Mkarafuu hauzai kwa wingi kabla ya miaka kadhaa kupita tangu kupandwa. Ni mti wa mwenye subira, yaani wa mtu anayejua kwamba shamba litakuwa bado lake. Mwenye shamba lililokwisha kuuzwa kwa khiyari hana hakika hiyo. Kwa nini apande mche utakaochumwa na mwingine? Mnunuzi naye anangoja fedha yake. Kwa nini atumie zaidi kwa kupalilia? Mkataba uliwaacha watu wawili juu ya shamba moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kutosha ya kulitunza.

Bei ya karafuu iliposhuka katika mdororo wa uchumi wa dunia baada ya 1929, jambo hili likawa la kisiasa. Taarifa juu ya madeni ya wakulima ilitayarishwa na maofisa Bartlett na Last mwaka 1933. Mwaka 1934 serikali ilitoa sheria zilizozuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishiwe kwa wengine bila idhini, na Chama cha Wakulima wa Karafuu kikapewa madaraka makubwa. Kilipokabidhiwa biashara ya karafuu mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma hadi 1938. Tangu hapo suala la deni lilizungumzwa kama ugomvi wa jamii: Mwarabu, Mhindi, Mwafrika. Mkataba wenyewe, ambao wote walikuwa wameutumia, haukuchunguzwa kwa kiasi kile kile.

Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kusimama kidogo. Khiyari ya mkataba huo na hiari ya Kiswahili cha kila siku ni neno moja. Waswahili husema: hiari yashinda utumwa. Lakini katika bei ya khiyari hiari ilikuwa ya karatasi. Yule asiyeweza kurudisha rupia 1,000 kwa wakati alikuwa na haki ya kuchagua kitu asichoweza kukipata.

3. Kuzaliwa kwa mabenki, 1963–1990

Benki za Kiislamu za karne ya 20 zilizaliwa na watu waliotaka kutoka katika hila za namna hiyo na kuirudia maana. Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Mit Ghamr ulioko delta ya Naili, Mmisri Ahmad al-Najjar alifungua benki ya akiba isiyotoza wala kulipa riba. Alikuwa amesoma Ujerumani, na aliyachukua mabenki ya akiba ya miji ya huko kama kielelezo. Wateja wake walikuwa wakulima wadogo na mafundi wa karibu. Fedha ya wenyeji ilibaki kwa wenyeji, na mkopaji alijulikana kwa jina na kwa shamba lake. Chini ya utawala wa Nasser benki hiyo haikujitangaza kama ya Kiislamu, na mwaka 1967 majaribio hayo yalikatizwa. Mwaka ule ule wa 1963 Malaysia ilianzisha shirika la akiba kwa ajili ya mahujaji, lililotokana na pendekezo la mchumi Ungku Aziz la mwaka 1959. Hapo pia waliolengwa walikuwa watu wa vijijini, ambao zamani waliuza ng'ombe na mashamba ili wapate nauli ya Makka.

Hatua ya pili ilikuwa ya ukubwa mwingine kabisa. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, serikali za Ghuba zilijaa fedha. Mwaka 1975 zilifunguliwa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu huko Jeddah, ambayo ni benki ya mataifa, na Benki ya Kiislamu ya Dubai, ambayo ni ya biashara. Nyingine zikafuata Sudan, Misri, Kuwait, Bahrain na Malaysia. Mwaka 1990 iliundwa taasisi ya kuweka kanuni za uhasibu na ukaguzi wa mabenki hayo, ijulikanayo kwa kifupi kama AAOIFI, yenye makao Bahrain. Afrika ya Mashariki ilichelewa: Kenya ilitoa leseni kwa benki mbili za kwanza mwaka 2007, Tanzania ilipata Amana Bank mwaka 2011, na Uganda ilirekebisha sheria yake ya mabenki mwaka 2016.

Mambo mawili yanafaa kukumbukwa. La kwanza, mtaji uliozikuza taasisi hizi ulitoka kwa sehemu kubwa katika mafuta ya petroli, yaani katika kitu kile kile ambacho uchumi wa kijani unataka kukipunguza. La pili, waanzilishi waliota juu ya ubia, mudaraba na musharaka, ambapo benki ingegawana hasara na mkulima. Mabenki yenyewe yaliegemea zaidi murabaha, kwa sababu ni rahisi kuhesabu na hatari yake ni ndogo. Benki inanunua, inauza kwa bei ya juu, inangoja malipo. Kitu halisi kipo, lakini kinapita mikononi mwa benki kwa muda mfupi mno.

4. Sukuki yavaa kijani

Sukuki ni wingi wa neno la Kiarabu sakk, yaani hati. Hatifungani ya kawaida ni ahadi ya deni: nimekukopesha, utanilipa pamoja na riba. Sukuki inatakiwa iwe hati ya umiliki: mimi na wenzangu tuna sehemu katika mali fulani, na tunachopokea ni kodi au faida ya mali hiyo. Ya kwanza inayotajwa kwa kawaida ilitolewa Malaysia mwaka 1990. Bahrain ilifuata mwaka 2001 kwa upande wa serikali, na Malaysia mwaka 2002 ikatoa katika soko la dunia sukuki ya dola milioni 600 za Marekani.

Uchumi wa kijani ulikuwa ukisafiri kwa njia yake. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilitoa hatifungani ya tabia nchi mwaka 2007, na Benki ya Dunia ikatoa ya kijani mwaka 2008. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilichapisha taarifa kubwa juu ya uchumi huo mwaka 2011, na mkutano wa Rio wa mwaka 2012 ukalifanya neno hilo kuwa la serikali zote. Mwezi wa Agosti 2015 wanazuoni na viongozi wa Kiislamu walikutana Istanbul wakatoa tamko juu ya tabia nchi, miezi michache kabla ya mapatano ya Paris.

Njia hizo mbili zilikutana Malaysia. Tume ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo iliweka kanuni za sukuki za uwekezaji wenye kuwajibika kwa jamii mwaka 2014. Mwezi wa Julai 2017 kampuni ya Tadau Energy ikatoa sukuki ya ringgit milioni 250 kwa ajili ya kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 huko Kudat, jimbo la Sabah. Hii ndiyo inayohesabiwa kuwa sukuki ya kijani ya kwanza duniani. Kielelezo hiki ni safi: fedha, mali na mazingira vimekutana mahali pamoja. Mtu anaweza kwenda Kudat na kuvihesabu vioo vya jua.

Mwezi wa Machi 2018 Indonesia ilikuwa serikali ya kwanza kutoa sukuki ya kijani katika soko la dunia: dola bilioni 1.25 za Marekani kwa miaka 5. Fedha iliahidiwa kwa nishati mbadala, usafiri wa reli, usimamizi wa taka, kilimo na kinga dhidi ya maafa. Mwezi wa Novemba 2019 serikali hiyo ikawauzia raia wake sukuki ya kijani ambayo mtu aliweza kuinunua kuanzia rupiah milioni 1, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida anaweza kukiweka akiba; zaidi ya watu 7,000 waliinunua. Mwezi huo huo Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilitoa yake ya kwanza, ya euro bilioni 1. Kwa muda wa miaka miwili tu, fikra iliyoanza na kampuni moja ya Sabah ilifika katika benki ya mataifa.

5. Mti uko wapi?

Hapa ndipo somo la Unguja linapotufaa. Mwaka 2007, kabla rangi ya kijani haijaingia, mwanazuoni wa Pakistan Muhammad Taqi Usmani, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la sharia la AAOIFI, alizikosoa sukuki nyingi za wakati ule. Alisema kwamba mtoaji anaahidi tangu mwanzo kuinunua tena mali kwa bei ile ile aliyoiuzia. Mwenye hati, basi, hashiki hatari ya mali. Anangoja mtaji wake urudi, na katikati anapokea malipo yanayofuata viwango vya riba vya soko. Mwezi wa Februari 2008 AAOIFI ilitoa uamuzi uliokataza ahadi ya namna hiyo katika sukuki za ubia na za uwakala, ingawa katika ijara mpangaji aliruhusiwa kununua. Mwaka 2009 Chuo cha Fikihi cha Jumuiya ya nchi za Kiislamu nacho kilikataa tawaruku iliyopangwa, ambamo bidhaa inanunuliwa na kuuzwa kwa ajili ya kupata fedha taslimu tu.

Tuuweke mkataba wa Usmani kando ya ule wa karafuu. Mali inauzwa, mwenye kuiuza anaendelea kuitumia na kulipa kodi, mwishoni anainunua tena kwa bei ile ile. Ni bei ya khiyari iliyovaa suti. Tofauti ipo, na haki itendeke: Unguja mdaiwa aliyeshindwa aliweza kulipoteza shamba, ilhali katika sukuki nyingi za serikali mwenye hati hawezi kulitwaa jengo lililotajwa humo. Mahali pamoja mali ilikuwa mtego, mahali pengine imekuwa kivuli. Pote pawili wahusika wanaangalia fedha.

Je, kijani kinabadili nini? Katika sukuki kama ile ya Indonesia kuna mali za aina mbili. Kuna mali zinazoubeba mkataba: ardhi na majengo ya serikali pamoja na miradi inayojengwa, ambazo bila hizo hati isingekuwa halali. Halafu kuna kazi za kijani ambazo fedha itatumiwa kwazo. Aina hizi mbili si lazima zilingane. Sharia inakagua ya kwanza. Wataalamu wa mazingira wanakagua ya pili. Ile milango miwili ya fikihi, ya fedha na ya ardhi, bado ni miwili.

Kwa bahati njema mlango wa pili una mlinzi. Taasisi ya Norway iliyoukagua mpango wa Indonesia, CICERO, iliupa daraja la kijani cha kati, si la juu, na serikali ililazimika kutoa taarifa kila mwaka. Kutokana na taarifa hizo tunajua kwamba karibu nusu ya fedha ya mwaka 2018 ilikwenda kulipia upya miradi iliyokwisha kugharimiwa mwaka 2016. Jambo hilo si udanganyifu. Liliruhusiwa na kuandikwa. Lakini mwenye kuamini kwamba kila dola yake ilianzisha reli mpya atakuwa ameamini kitu ambacho mkataba haukumwahidi. Upya wa mwaka 2018 ulikuwa kwamba aliweza kusoma na kujua. Mkulima wa Pemba wa mwaka 1930 hakuwa na taarifa ya kusoma, wala mnunuzi wa khiyari hakutakiwa kueleza kama mikarafuu imepaliliwa.

Tunadhani mchango wa kweli wa uchumi wa kijani kwa benki za Kiislamu uko hapo. Unazirudishia swali walilokuwa nalo waanzilishi wa Mit Ghamr: fedha hii imekwenda kwa nani, na imefanya nini? Benki za Kiislamu nazo, zikiwa aminifu kwa asili yao, zinaweza kuupa uchumi wa kijani kitu ambacho hatifungani za kawaida hazina, yaani mwekezaji anayeshiriki hasara. Mkulima akipanda miti na mvua isinyeshe, mdai wa kawaida anadai vile vile. Mshirika wa musharaka anapaswa kungoja pamoja naye. Kupanda msitu, kama kupanda mkarafuu, ni kazi ya miaka mingi, na hutaka fedha yenye subira.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba katazo la riba lilikusudiwa kuifunga fedha na kitu. Kwamba bei ya khiyari ilitimiza maneno ya sheria huku shamba likikosa mtunzaji. Kwamba mabenki yaliyoanzishwa tangu 1963 yalianza na wakulima wadogo, yakakuzwa na mafuta, yakaegemea mikataba rahisi. Na kwamba sukuki ya kijani ya tangu 2017 imefungua tena suala la mali iliyo nyuma ya hati.

Sisi Wakongomani tunahusika kwa namna yetu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha ramani ya mboji ya bonde la Kongo, iliyogawanyika kati ya nchi zote mbili za Kongo: eneo la kilomita za mraba zipatazo 145,500, lenye kaboni inayokadiriwa kuwa tani bilioni 30. Tangu hapo wenye fedha ya kijani wameongeza hamu ya kuja kwetu, wengi wao bila uhusiano wowote na Uislamu. Iwe fedha hiyo ni ya Jeddah, ya London au ya Kinshasa, historia tuliyoieleza inatupa maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Je, mali iliyotajwa katika mkataba ndiyo ile ile itakayotunzwa? Hasara ikitokea, nani ataibeba? Na yule anayekaa karibu na mti, katika Tshopo, Maniema au Equateur, atabaki na sababu ya kupanda mwingine?

Waswahili wana methali: kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo inamhusu mkopaji. Historia ya mikarafuu inaongeza kwamba msiba unaweza kuufikia mti nao, na mti hauna mdomo wa kudai. Watakaotia sahihi mikataba ya misitu yetu, na watakaoitafsiri kwa Kiswahili ili wanavijiji waielewe, wana wajibu wa kuhakikisha kwamba hiari iliyoandikwa humo ni hiari kweli.